Jina Lako Lasomwaje?

Nimekuwa karani wa shule ya sekondari hapa Mombasa tangu enzi za taipureta, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuita watu majina. Naita dirishani mzazi anapokuja kulipa karo. Naita kwenye foleni tunapowasajili watahiniwa wa KCSE. Na mwisho wa mwaka, siku ya kutuza wanafunzi, nasimama kwenye maikrofoni nikawasoma mmoja mmoja mbele ya wazee wao. Walimu huikwepa kazi hiyo ya mwisho. Wanajua kwamba mama aliyevaa akapendeza, akawahi kiti cha mbele na kuweka simu tayari arekodi, hasamehi kirahisi jina la mwanawe likivurugwa.

Darasa moja la shule yetu laweza kuwa na Nahdy, Goncalves, Patel, Githinji, Ochieng, Bulushi na Swaleh wawili wasiojuana hata kwa mbali. Mimi mwenyewe kwetu ni Swaleh. Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili huingia kazi hii akijiamini, kwa sababu tulifunzwa tangu utotoni kwamba lugha yetu husomwa kama ilivyoandikwa: a ni a, e ni e, basi. Kanuni hiyo yafaa sana kwa barua na gazeti. Kwa majina ya ukoo ya mji wa bandari, haikufikishi hata nusu ya rejista.

Niliyoyaona kwa miaka yote hii ni kwamba herufi za jina mara nyingi ni kazi ya karani fulani, na sauti yake ni ya watu wa nyumbani. Ukoo ukikaa pahali pamoja, vitu hivi viwili huenda sambamba, au angalau huachana polepole. Watu wakihama, karatasi hubaki na herufi zake zile zile huku midomo ikizoea lugha ya majirani wapya. Baada ya vizazi viwili vitatu unakuta mtoto anaitika jina ambalo huwezi kulipata kwenye cheti chake hata ukilitafuta kwa tochi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Mgoa, mstaafu wa kampuni ya wakala wa meli. Alikuja dirishani asubuhi, kofia mkononi, akangoja watu wapungue.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nina ombi dogo. Huyu mjukuu wangu hapa shuleni mwamwita Gonkalves."

"Si ndivyo ilivyoandikwa, mzee wangu?"

"Ndivyo mlivyoandika nyinyi."

Akaivuta ile kalamu yetu iliyofungwa kamba kwenye kaunta, akageuza risiti ya karo, akaandika jina kwa mwandiko wa mlazo wa zamani. Chini ya ile c akachora kimkia. "Hapa pana mkia. Ukiuona huo, wasema s. Gon-sal-ves." Kisha akatoa kitambulisho chake mwenyewe tukakiangalia pamoja: hakuna mkia. Cheti chake cha kuzaliwa, cha zama za Mwingereza, kilipigwa taipu nacho hakina mkia. Alisema pahali pekee ulipobaki ni kwenye daftari la ubatizo la kanisani, kwa sababu padri aliandika kwa mkono. Taipureta za Kiingereza hazikuwa na herufi ile. Karani wa ofisi ya serikali akabonyeza c tupu, na kuanzia siku hiyo kila karani aliyefuata, mimi nikiwamo, alinakili alichokikuta.

Kuna Wagoa walioliona hilo mapema wakaandika Gonsalves kwa s, na hao hawasumbuliwi na mtu. Ndiyo maana unaweza kukuta ndugu wa baba mmoja, mmoja ana c na mwengine ana s, na ofisini wanadaiwa kiapo cha wakili kuthibitisha kwamba ni ndugu.

Nilimuuliza mzee yule kama basi yeye alisema kama Wareno wenyewe. Akacheka. Mreno wa Lisbon, akasema, s ile ya mwisho huigeuza sh, na irabu inayoitangulia huimeza. Jina lao lilikuwa limeshahama mara moja kabla ya kufika Mombasa. Wareno waliishika Goa kuanzia 1510 hadi 1961, na waliobatizwa huko walipewa majina ya Kireno, ya padri au ya msimamizi wa ubatizo. Nyumbani wakayasema kwa Kikonkani: Fernandes ikawa Fernand, Rodrigues ikawa Rodrig, mkia wa neno ukaachwa. Halafu wakaja huku chini ya Waingereza, wakasomeshwa kwa Kiingereza, wakawa akina Fanandiz. Ukishuka nao Marikiti kununua samli, muuzaji Mswahili anamalizia na irabu kama tunavyomalizia kila kitu: "Karibu, Bwana Fanandesi." Mtu mmoja, siku moja, majina manne, na yote anayaitika.

Hapa niseme jambo dogo maana watalii, na hata watu wetu, hulikosea. Majina haya ya Kireno tuliyonayo Mombasa hayakuachwa na Wareno wa Fort Jesus. Wale walianza kuijenga ngome 1593, wakaipoteza kwa Waomani 1698, na majina yao wakaondoka nayo. Hawa akina D'Souza na Pinto walipitia Bara Hindi, na wengi walikuja wakati wa Mwingereza kufanya kazi ofisini, relini na bandarini.

Majina yaliyonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni ya kwetu wenyewe, yale ya asili ya Kiarabu. Tunayaona ya kawaida hata hatutambui kwamba nayo yalifika kwa jahazi.

Chukua Nahdy. Kwenye cheti limeandikwa Al-Nahdy. Nyumbani hakuna anayetamka ile l: ni An-Nahdy, kwa n mbili zilizobanana. Aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu akajua kusoma Kurani ameshaelewa. Herufi za Kiarabu ni 28, nusu ni za jua na nusu ni za mwezi, na herufi ya jua ikija baada ya "al", l hufunikwa. Kwa hati ya Kiarabu hakuna tatizo, kila msomaji anajua la kufanya. Lakini jina likihamishiwa herufi za Kirumi, l inasimama pale kama inataka kusomwa. Mwalimu mgeni kutoka Bungoma aliita "Al Shatri, Al Shatri" darasani, msichana mwenyewe ametulia tu, anangoja aitwe. Nyumbani kwao ni Ash-Shatry, na tangu azaliwe hakuwahi kusikia l ndani ya jina lake.

Jina nilipendalo kwenye mkumbo huu ni Saqqaf. Ni ukoo wa masharifu wa Hadhramaut, bonde la Yemen ambalo Washihiri na Wahadhrami wengi wa pwani hii walitoka, na vitabuni huandikwa kwa herufi qaf, iliyo karibu na k ya kooni. Wahadhrami wenyewe qaf yao huitamka g. Kwa hiyo Lamu na Mombasa utasikia Saggaf, na wengine huliandika hivyo hivyo. Watu wa ukoo huo huo waliokata bahari upande wa mashariki walifika Singapore, wakaandikwa Alsagoff. Mpaka leo kuna shule ya Kiarabu huko yenye jina hilo. Waliofika Indonesia wakaandikwa Assegaf. Angalia walivyogawana: wa Singapore wamebaki na l isiyotamkwa, wa Indonesia wameitupa wakaandika s mbili kama masikio yalivyosikia. Mzazi mmoja wa Kibokoni alinisimulia kwamba alikutana Makka na Assegaf wa Jakarta, wakaanza kuhesabiana mababu mmoja baada ya mwengine hadi wakakutana kwa babu mmoja. Pasipoti zao zingewekwa pamoja mezani, hakuna afisa yeyote wa uhamiaji ambaye angedhani ni jamaa.

Indonesia, kwa njia, ni mfano mzuri wa jambo jengine. Walipotawaliwa na Waholanzi, sauti ya u iliandikwa oe. Baada ya uhuru wakabadilisha tahajia mara mbili, 1947 na 1972, lakini watu wengi hawakugusa majina yao. Ndiyo maana rais wao wa zamani alijiandika Soeharto na akaitwa Suharto. Maneno ya kamusi hubadilishwa na kamati. Jina la mtu lina mwenyewe.

Sasa nije kwa Swaleh. Hii w yetu inawatesa watu wa bara. Wanaisoma kikamilifu, midomo imechongoka: "Su-wa-leh." Kwa Kiarabu jina ni la herufi swadi, ile s nzito ambayo mwalimu wa chuo alitupiga mikwaju mpaka tukaitofautisha na sini. Kiswahili kilipokuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, uzito ulionekana. Kilipohamia herufi za Kirumi, s ikawa moja tu, na t vivyo hivyo, na watu wa pwani ya Kenya wakaona haya ni mapungufu, wakatia w kuonyesha kwamba ulimi ubonyezwe: Swaleh, Swabra, Swafia, Twaha, Twalib, Twahir. Ndugu zetu wengi wa Tanzania hawakujisumbua; wao ni Saleh au Salehe, Taha, Talibu, na wanaishi vizuri tu. Bibi yangu, aliyesoma kwa herufi za Kiarabu peke yake na za Kizungu hakuzijali, alilitamka jina letu kwa s nzito isiyo na w hata chembe. Mimi natia w kidogo, nakiri. Wanangu wanaitia yote, kwa sababu wao walilijua jina kwa kulisoma kwenye daftari za shule kabla masikio yao hayajatulia. Jina halikutoka nje ya nyumba moja ya Mji wa Kale, na bado limebadilika ndani ya vizazi vitatu kwa ajili ya herufi iliyowekwa ili lisibadilike.

Kuna na zile sauti ambazo ziliachwa bila hata kuwekewa alama. Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa mpaka 1837, kwa Kiarabu ina ayn pale kabla ya i ya mwisho. Kiswahili hakina ayn, kikairuka. Profesa Ali Mazrui alipokwenda kufundisha Marekani, jina alilokwenda nalo lilikuwa tayari la Kimombasa, na sidhani kama kuna Mwarabu wa Oman ambaye angelitambua kwa sikio bila kuuliza mara ya pili.

Kwa upande wa majina ya Kizungu nitapita haraka, ingawa mwalimu wetu wa historia hawezi kumaliza somo la masetla bila kunipitia ofisini kuuliza lile la Lord Delamere. Yule bwana aliyezaliwa 1870 akafa 1931, aliyemiliki ardhi kubwa ya Bonde la Ufa, jina la ukoo wake huandikwa Cholmondeley. Hutamkwa Chamli. Kabisa, Chamli. Wanafunzi hudhani tunawatania. Na hili halikuharibiwa na safari: ni jina la pahali huko Cheshire, lililochakaa midomoni mwa wenyeji kwa karne nyingi huku maandishi yakiwekwa kabatini. Mwingereza aliyetulia kwao ana majina yasiyosomeka kuliko sisi wote tuliohama, na hajawahi kuombwa aeleze.

Wavulana wanaocheza kriketi ndio walionipa mfano bora wa jina linalohama mara mbili. Kuna mchezaji wa Australia, Marnus Labuschagne, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Australia akiwa mtoto. Asili ya jina ni Kifaransa. Waprotestanti wa Ufaransa, wale Wahuguenoti, walifika Rasi ya Afrika Kusini kwa wingi kuanzia 1688, wakikimbia mateso ya kidini. Wakachanganyika na Waholanzi, Kifaransa kikafa, majina yakabaki. Kwa Kiafrikana jina hilo lilipata sauti ya kh ya kooni na i ya mwisho, kitu kama Labuskakhni. Australia hawana kh, wakaliangalia lilivyoandikwa, wakalisoma kwa namna wanayodhani Mfaransa angesoma: Labushein. Wamerudi karibu na Ufaransa bila kukusudia. Kijana mmoja wa Kibohora alinieleza yote haya huku akingoja barua ya ruhusa, na nikamwambia akirudi na maarifa kama hayo kwa hesabu, babake atalala usingizi.

Hadithi moja nimeisikia kwa karibu kila jamii iliyopita dirishani kwangu. Inasema: jina letu lilikuwa jengine, lakini babu aliposhuka Bandari ya Kale, mkoloni wa forodhani hakuliweza, akaandika lake. Huwa nasikiliza kwa heshima. Lakini siamini sana, na nina sababu. Wamarekani wana hadithi hiyo hiyo kuhusu Ellis Island, kile kituo cha New York kilichopokea wahamiaji kuanzia 1892 hadi 1954. Wanahistoria waliofukua kumbukumbu wanasema maafisa wa pale hawakuwa wakiandika majina. Walikuwa na orodha ya abiria iliyoandikwa na kampuni ya meli huko meli ilikotoka, wakawa wanaipigia alama tu, tena wakiwa na wakalimani. Majina mengi yalibadilishwa baadaye, na wenyewe, kwa hiari: ili kupata kazi, ili jirani aweze kuwaita, ili mtoto asichekwe. Wengine hawakubadilisha herufi hata moja, wakalegeza sauti. Kocha mstaafu wa mpira wa kikapu Mike Krzyzewski jina lake ni la Kipolandi, na kwa Kipoland huanza na kitu kama "kshi". Marekani anaitwa Shashefski, na waliochoka nalo humwita Kocha K.

Nami nimeyaona hayo kwa macho yangu, si Marekani, hapa dirishani. Baba alikuja kuniomba niondoe "Al-" kwenye jina la mwanawe kwa sababu kijana amechoka kuwa wa kwanza kuitwa kila orodha ikisomwa. Mama mmoja alitaka Bajabir iwe Bajaber, kwa sababu kaka mtu amepata pasipoti yenye e na wanaogopa ubalozi fulani utawakataa. Hakuna mkoloni katika mambo hayo. Miaka hamsini ijayo mjukuu atasimulia kwamba jina liliharibiwa na karani wa shule, na karani huyo ni mimi.

Wahamiaji wengine hawakuvuka bahari. Wamepanda basi au reli kutoka bara. Wakikuyu wa Mombasa wamekaa hapa vizazi kadhaa, na majina yao tunayasoma vibaya kwa ujasiri mkubwa kuliko ya mtu yeyote, kwa sababu yanafanana na Kiswahili. Lugha yao ina irabu saba. Sisi tuna tano. Wamisionari walioandika Kikuyu waliweka kialama juu ya i na u kwa zile mbili za ziada: ĩ ambayo kwa sikio letu ni kama e, na ũ iliyo kama o. Kwenye vyeti kialama hakipo. Basi Muthoni tunamsoma kwa u kavu na th ya "thelathini", na kwao ni kitu kama Modhoni. Githinji kwao irabu zake zote isipokuwa ya mwisho ni e. Na Mjaluo akiandikwa Ochieng bila ile koma ya juu ya ng', Mswahili anayejua kutofautisha "ng'ombe" na "ngoma" ataimalizia kwa g nzito isiyokuwamo. Nilipomuuliza Githinji wetu mbona hajawahi kunirekebisha, alinijibu, "Karani, nikienda Murang'a wananiita vizuri. Hapa nimezoea." Wala hakuwa na uchungu. Kwake yale matamshi ya Kimombasa yalikuwa sehemu ya kuishi Mombasa, kama joto.

Na kabla hatujawacheka wengine: sisi wenyewe tunaandika kimoja na kusema kingine kila siku. Mkutano ulioamua kwamba Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja cha Zanzibar ulifanyika mji huu huu wa Mombasa, 1928. Tukawakaribisha watu, wakatukalia kikao, wakachagua lahaja ya wengine. Tangu hapo mtoto wa mtaa wetu wa Kuze huandika "maji" na kusema "mai", huandika "njia" na kusema "ndia", huandika "moja" na kusema "moya", na hajihisi kuwa anafanya jambo la ajabu. Ukiyajua haya, mtu anayeandika Al-Nahdy akasema An-Nahdy hakushangazi tena.

Kazini nimejitengenezea dawa yangu. Kwenye rejista, kando ya kila jina, nina safu ya penseli. Siku ya kwanza ya muhula nampa mwanafunzi karatasi, simwambii "jina lako nani", namuuliza "nyumbani wakuitaje?" Nasikiliza, kisha naandika kwa Kiswahili vile nilivyosikia: Gonsalves, Annahdi, Gedhenji. Tahajia yetu, pamoja na maudhi yake yote, yafaa sana kwa kazi hii. Mwenzangu wa ofisini alisomea Uingereza, akajaribu kuandika yake kwa Kiingereza. Wiki iliyofuata hakuweza kuisoma mwenyewe. Safu ile ya penseli ndiyo inayonisimamisha kwenye maikrofoni bila kutetemeka. Wako wanaosema matamshi matatu tofauti kwa mwaka mmoja, hasa wasichana wanaojaribu lipi linapendeza. Ndiyo sababu ya penseli.

Lililobaki limetupata wenyewe. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu kaka, alikwenda Hamburg kufanya kazi bandarini, akaoa huko. Alipokuwa mgeni alinitumia ujumbe wa sauti wa mkubwa wake wa kazi akimwita kwenye spika. Nilisikiliza nisielewe kuna uhusiano gani na sisi. Kwa Kijerumani w husomwa v, na h inayokuja baada ya irabu haitamkwi, kazi yake ni kuvuta irabu tu. Basi Swaleh ikawa "Svalee". Ile h ya mwisho, ambayo kwa Kiarabu ni ha nzito ya kooni, imeyeyuka. Na ile w ambayo wazee waliiweka kuilinda swadi imekuwa sauti ambayo hakuna mzee wetu aliyeifikiria. Mwanzo alikuwa akiwarekebisha. Siku hizi akipiga simu ofisini husema mwenyewe, "Svalee hapa," kwa sababu akisema Swaleh wanamwambia arudie, halafu wanaandika kitu kingine.

Mtoto alipozaliwa, akaambiwa jina la ukoo litaandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti ya baba, herufi kwa herufi. Kwa hiyo kwenye maandishi binti ni Swaleh kama sisi. Kwa sauti, kila mtu wa chekechea yake anamjua kwa Svalee, na akikua hilo ndilo atakalosema kwa kuwa ndilo alilolisikia.

Ami yangu, mkubwa wa ukoo aliyebaki, hakulipokea. Alikuja nyumbani baada ya Ijumaa, akakaa barazani, akadai tumwandikie mpwa aiondoe w, awe Saleh, kama Watanzania, mambo yaishe.

"Ami, akiandika Saleh watamwita Zalee. Kwao s ikifuatwa na irabu inakuwa z."

"Basi aweke s mbili."

"Kijerumani hakianzi neno kwa s mbili."

"Na kwa Kiarabu? Hawana mtu huko ajuaye kusoma swadi?"

Nikamwambia wapo, Hamburg ina misikiti na imejaa watu wa kila nchi, lakini ofisi haisomi Kiarabu. Alipiga funda mbili za kahawa, akatazama kikombe. Kisha akaniuliza kama visa ya Ujerumani yachukua muda mrefu, na kama mtoto ameshaanza kusema.